Bife la Mama Leontina

Rosa alinipigia simu nikiwa Lubumbashi, ndani ya nyumba isiyo yangu, nikibishana na fundi juu ya rangi ya ukuta. Namba sikuijua. Sauti niliijua kabla hajajitaja, kwa sababu ni sauti ya mama yake, ile inayoteremka mwishoni kama ya mtu anayekaa chini. "Yaya Fina," alisema, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa, "Mama ametutoka jana asubuhi. Alisema tukuite. Alisema uje na ile kitu." Nikamuuliza kitu gani. Nilimuuliza kwa upole kabisa, kwa ile sauti ninayoitumia na wateja wanaotaka kurudisha mapazia. "Mimi sijui, Yaya. Yeye njo alisema unajua," akasema, akakata. Fundi akataka kujua kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia aongeze nyeupe kidogo kwenye ile rangi, na nikabaki pale mpaka alipomaliza ukuta wote.

Kitu chenyewe ni bahasha. Imekaa kwenye kabati langu la nguo, chini ya mashuka ya wageni, zaidi ya miaka ishirini, na kila nilipohama nyumba nilihama nayo. Ndani yake mna hati ya nyumba iliyoko Lukuga, Kalemie, na jina la mwenye nyumba ni moja tu, la Mama Leontina, mama yake Rosa. Mama huyo alitolewa ndani ya nyumba hiyo kwa sababu mimi nilisimama mbele ya watu nikasema hati haipo. Ninalisema hili mapema ili msomaji asije akanipenda bure njiani halafu akajilaumu. Watu hunipenda upesi. Nina uso wa kuaminika, na ni Kalemie, mwaka ule mmoja, nilikojifunza kwamba uso wa namna hiyo ni chombo cha kazi, sawa na nyundo au msumeno.

Nilikuwa na miaka ishirini, na sikuwa na haja yoyote na Kalemie. Nilitoka Manono nyuma ya pikipiki, nikapanda lori juu ya magunia ya mahindi, nikielekea Kigoma kwa rafiki aliyeniambia kuna kazi ya kushona. Meli ilikuwa imeharibika mashine. Bandarini walisema ningoje wiki moja, na kila wiki walisema hivyohivyo bila kuona haya. Mwanamke tuliyepanda naye lori alinionyesha nyumba ya matofali upande wa pili wa mto, ambako wasafiri walilala katika chumba cha nyuma wakingoja meli. Ndiyo iliyokuwa nyumba ya Mama Leontina. Mume wake, Papa Mukalay, alikuwa seremala wa zamani wa reli, mtu mrefu mwenye kikohozi, ambaye alifumba macho kila alipomsikiliza mtu. Nyumba aliinunua mke, kwa biashara yake ya ndakala, dagaa wakavu aliowapeleka Kabalo kwa treni, na Papa Mukalay hakuona tabu kulisema mbele ya wageni. "Mimi hapa niko mupangaji," alikuwa akisema, akicheka mpaka akohoe. "Siku huyu mama akinichoka, ananitosha inje na kiti yangu." Mke wake alijibu kila mara kwamba angemtoa yeye tu, kiti kingebaki. Rosa, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa akitikisa kichwa juu ya daftari lake kama mtu aliyeyasikia hayo mara mia.

Sebule yao ninaweza kuichora hata leo. Meza katikati, viti sita, na ukutani bife, yaani lile kabati refu la vyombo ambalo kila nyumba ya watu wa reli ilitamani kuwa nalo. Papa Mukalay alilitengeneza ujanani kwa mninga, na mbao zilikuwa zimeiva rangi hadi kukaribia weusi wa chai. Lilikuwa na milango miwili ya vioo, droo tatu, ambazo wao waliziita tirware, miguu mifupi iliyochongwa, na juu yake kitambaa cha kufuma chenye redio. Pale mezani tulikula bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, ndakala wa kukaanga karibu kila siku, na Jumapili mikebuka ya kuchoma ambayo Papa Mukalay alikula kichwa kwanza, kwa heshima zote. Mama Leontina hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisukuma samaki kwa kidole upande wa sahani niliokalia mimi, na nikijifanya kukataa aliniambia, "Kula, mutoto. Meli haitakuuliza kama umeshiba." Baada ya mwezi hakunihesabu tena miongoni mwa wasafiri, akahamishia mkeka wangu chumbani kwa Rosa. Nilikuwa nasikia wazee wawili wakizungumza upande wa pili wa ukuta, mambo ya kawaida tu, chumvi, paa, nani amezaa, na nilipenda sana kusinzia huku nikiwasikia. Nilipendwa katika nyumba ile. Sina njia ya kulipunguza hilo.

Duka nililigundua nikikimbia mvua. Nilikuwa nimetoka tena bandarini kuambiwa wiki moja, mvua ikanikuta kwenye barabara kuu, nikajiegesha chini ya baraza la jengo la zamani karibu na stesheni. Mlango ulikuwa wazi. Kwanza nilisikia harufu, nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha macho yakazoea giza, na nikaona vitu ambavyo sikuwahi kuviona pamoja: viti vya mapumziko vyenye mikono iliyolala, vioo virefu vilivyoingia ukungu, saa ya ukutani yenye ukubwa wa sinia, taa za chimni, mabirika ya enameli ya bluu, kitanda cha chuma chenye vitufe vya shaba, na juu ya kila kitu mto mdogo wa kitenge au kikapu au ua kavu kwenye kibuyu, vimewekwa kwa namna iliyokufanya utake kukaa hapo na kuwa mtu mwingine. Manono kiti ni kitu cha kukalia. Sikujua kwamba kiti kinaweza kukuonea huruma. Nikanyosha mkono kugusa kimoja.

"Usikalie ile," sauti ilisema. "Iko na miaka kupita mama yako, na imetunzwa vizuri kupita yeye." Ndivyo nilivyokutana na Mama Astrida. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, akimenya chungwa bila kukata ganda. Nikamwambia napita tu. "Kila muntu anapita tu. Unatoka wapi?" Nikasema Manono. "Njo maana unashika kiti kama unataka kuipima kilo." Nilicheka, na yeye akanitazama upya, akaniambia nigeuke kwenye mwanga. Aliutazama uso wangu kwa muda mrefu kidogo, kama fundi anavyotazama ubao kutafuta ufa. Kisha akanipa nusu ya chungwa na kitambaa cha nta, akanionyesha mguu wa meza. Mvua ilipokatika sikuona. Nililipenda duka lile mara moja, na mapenzi hayo hayajaisha hata leo. Kazi ninayoifanya Lubumbashi, ya kupamba nyumba za wenye nazo, ilianzia kwenye mguu ule wa meza, na hili linanichukiza kuliko mengine yote.

Wanunuzi walikuwa watu wa mashirika, waliokuja mjini baada ya vita na kukaa katika nyumba za mlimani zenye kuta tupu. Mama Astrida aliwauzia vitu pamoja na hadithi. Kiti cha katekista kiligeuka kuwa cha nahodha. Kitanda cha fundi cherehani alikilalia mkaguzi wa reli hadi mke wake alipomfia. "Kiti bila marehemu haiuzike," aliniambia, na nikajifunza upesi kubuni marehemu. Nilijifunza pia kutambua mbao kwa kunusa, kuficha tundu za mchwa kwa nta na unga wa msumeno, kuweka kitu kizuri nusu nyuma ya kibaya ili mnunuzi ajione amekigundua mwenyewe. Nilikuwa hodari. Meli ilitengenezwa, ikaenda Kigoma ikarudi, ikaenda tena, na nikamwambia Mama Leontina kwamba nitapanda ya mwezi ujao. Alisema vizuri, kisha akaniuliza tu kama huko dukani napewa chakula cha mchana.

Vitu vilikotoka sikuambiwa mpaka mwezi wangu wa tatu pale. Mtu akifa kwetu, vyombo vyote vya sebuleni hutolewa nje siku hiyohiyo, ili wanawake watandike mikeka na kukaa chini pamoja na mjane. Meza, viti, makabati, vyote hukaa uani au kwa jirani hadi matanga yaishe, na hakuna mwizi anayethubutu kuvigusa. Kila mtu anajua vitarudi. Mama Astrida alijenga duka lake juu ya uhakika huo. Alikuwa na viti hamsini vya plastiki, vyeupe, vyenye herufi A nyekundu mgongoni. Msiba ukitokea katika nyumba yenye vitu vizuri, viti vile vilifika mapema juu ya mkokoteni, bure kabisa, pole ya Mama Astrida, na mimi nikivisindikiza na kitenge kichwani. "Lia kwanza, angalia kisha," ndiyo iliyokuwa amri. Nililia, nikaangalia, halafu nikamwendea mkubwa wa ukoo wa mume, kamwe si mjane, nikasema kama nilivyofundishwa: mvua iko karibu, mbao zitaharibika, duka letu ni kavu. Tutachunga. Mkokoteni haukurudi mtupu hata mara moja. Ukoo ulipokaa kugawa, sebule ilikuwa tayari tupu, na watu hukubali kwa urahisi kwamba kitu wasichokiona hakikuwa cha mjane. Shemeji wawili watatu walipita dukani wakatoka wakiwa na furaha na pesa mfukoni. Wajane walikuja baadaye, vichwa vimenyolewa. Mama Astrida aliwapa kiti kizuri na maji ya kunywa, na kuwaambia wakaulize kwa shemeji zao.

Sikudanganywa, na naomba lieleweke hivyo. Nilijua baada ya msiba wa pili, na nilikwenda kwenye wa tatu na wa sita. Nilijiambia kwamba ni ukoo unaouza, si mimi. Nilijiambia pia kwamba mjane wa aina ile angeuza mwenyewe kwa mtu mjinga zaidi. Lakini ukweli ni kwamba nilipenda kuwa yule anayejua, katikati ya watu wanaolia bila kujua. Halafu palikuwa na funguo za duka. Siku moja, nikiwa nyuma ya pazia napanga mito, nilimsikia Mama Astrida akimwambia mnunuzi, "Sina mutoto. Huyu mubinti wa Manono njo nitamuachia duka, ana mikono na hana moyo muteke." Nilisimama palepale na mto kifuani, mimi nisiye na moyo laini. Hakuna mtu aliyewahi kunisifia kwa maneno yaliyonifurahisha kama yale.

Papa Mukalay alifariki mwanzoni mwa mvua, mezani, wakati Rosa anamsomea barua. Kufikia saa nne wanawake wa ukoo wake walikuwa wamemkalisha Mama Leontina kwenye mkeka, na tangu hapo, kwa desturi yao, hakuruhusiwa kugusa kitu cha nyumba wala kusema mbele ya wanaume mpaka matanga yaondolewe. Mimi nililia kweli siku ile. Nililia uani, nikiwa nimeshika mti wa papai, na nilipofungua macho niliona mkokoteni unaingia na viti vyeupe, na Mama Astrida mwenyewe nyuma yake, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alipita karibu yangu bila kusimama. "Ile bife," alisema, "kuna muntu wa mlimani anaitafuta kama ile tangu Pasaka." Ndani, Mama Leontina alinivuta kitenge nilipoinama kumpa mkono. Shangazi za marehemu walikuwa wamembana pande zote mbili. "Bife isitoke," alinong'ona. Sikumuuliza kwa nini. Nilimwambia, na nasikia sauti yangu mpaka sasa, nzuri, ya chini, "Mvua itaipiga, Mama. Tutachunga." Wanaume wanne walilibeba. Kitambaa cha kufuma kilianguka mlangoni, Rosa akakiokota.

Siku ya nane ukoo ulikaa kikao. Mkubwa wao alikuwa Papa Kisimba, kaka wa marehemu, aliyetoka Kabimba na kofia mpya ambayo hakuivua. Alisema nyumba ni ya mdogo wake, kwa hiyo ni ya ukoo. Mjane atapewa siku za kukusanya nguo. Kwa kuwa Mama Leontina hakuweza kujibu, aliulizwa nani atakuwa kinywa chake, na yeye, kati ya majirani na wanawake wote wa parokia waliojaa pale, alininyoshea kidole mimi. Nikapiga magoti pembeni yake. Alinieleza sikioni, nami nikarudia kwa sauti kubwa, kwamba nyumba aliinunua yeye, kwamba jina lililoandikwa ni lake. Wazee wakaanza kuguna. Mmoja wao, mtu wa haki, akasema kama hati ipo iletwe, na wote wataheshimu. Nakala ya biro, yaani ofisi ya ardhi, ilikwisha kupotea wakati wa vita, kwa hiyo iliyobaki ni hiyo moja tu. Papa Kisimba akasema vema, iletwe. Mama Leontina akaweka tena mdomo sikioni kwangu. "Bife," alisema. "Tirware ya kushoto, itoshe yote. Nyuma kuna ubao unasogea. Papa yako aliifanya kwa ajili yangu. Kimbia, mutoto wangu."

Nilikimbia kweli. Nilivuka daraja nikihema, na ninaamini kwamba hadi mlango wa duka nilikuwa bado mtu mwema. Bife lilikuwa limesimama mbele, limepigwa nta, na juu yake saa ya sinia na kikapu cha malimau, zuri kuliko nilivyowahi kuliona. Nikatoa droo ya kushoto, nikaingiza mkono, ubao ukasogea. Harufu ya naftalini ikanipanda puani, kwa kuwa Mama Leontina alijaza vidonge vyake mule dhidi ya mchwa, na katikati ya vidonge ilikuwako bahasha. Mama Astrida alikuwa kwenye kiti chake. Hakuinuka. Aliniuliza ni nini, nikamsomea.

"Basi nyumba ni ya mwanamuke," alisema. "Nyumba ikiwa yake, na vitu vya ndani ni vyake. Bife inarudi kule." Akala kipande cha chungwa. "Na weye utarudi nayo. Utalala chumba cha nyuma, utangoja meli." Nikamwambia Mama Leontina ananisubiri. "Najua. Sikukatazi, mlango ule pale." Akatoa funguo za duka mfukoni, akaziweka juu ya meza ndogo kati yetu, si karibu yangu sana, wala si karibu yake. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba alinilazimisha, au kwamba nilisita sana. Nilisita kiasi cha mtu anayechagua kitambaa. Nilitia bahasha ndani ya blauzi, nikarudisha ubao, nikarudisha droo, nikachukua funguo.

Safari ya kurudi sikukimbia. Wote walikuwa bado wameketi kwenye viti vyetu vyeupe, nao wakanigeukia niliposimama katikati. Nikasema, "Nimetafuta kila mahali. Hakuna kitu." Nililisema vizuri, kwa masikitiko, na yule mzee wa haki akatikisa kichwa kwa huruma, kunihurumia mimi niliyetumwa bure. Papa Kisimba akavua kofia kwa mara ya kwanza, akajipepea. Nikaenda kupiga magoti pembeni ya Mama Leontina, maana bado nilikuwa kinywa chake. Alichukua mikono yangu yote miwili. Nilidhani anataka kunifariji. Aliiinua polepole hadi usoni pake, akavuta pumzi, na hapo hapo nikaisikia nami, naftalini, imenikaa vidoleni kote. Alinirudishia mikono yangu, akaiweka juu ya mapaja yangu mmoja mmoja, akageukia ukuta.

Waliondoka wiki ileile, yeye na Rosa, na mkeka na sufuria, kwenda upande wa Katanika ambako mtu wa kanisa aliwapa kipande cha shamba. Rosa aliacha shule. Bife lilipanda mlimani. Mimi nilihamia dukani, nikawa nafungua na kufunga, na siku ya kwanza nilipozungusha ufunguo ule nilijisikia mtu mkubwa, siwezi kudanganya. Ilidumu wiki tatu. Asubuhi moja Mama Astrida alinyosha kiganja. "Lete funguo." Nikauliza nimekosa nini. "Hujakosa kitu. Ila nimefikiri. Yule mama alikulisha mwaka muzima, na ukamufanyia vile. Mimi nakupa nusu ya chungwa." Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaninyosha kitenge begani kama mzazi, akaniambia meli inaondoka Alhamisi. Alikuwa na haki, na alijua kwamba najua. Nilifika Kigoma na bahasha ndani ya blauzi. Ningeweza kuirudisha kwa meli iliyofuata. Niliona haya, na haya ikanishinda, na mwaka wa pili ilikuwa ngumu zaidi kuliko wa kwanza, ndivyo basi. Nimewahi kujisifu moyoni kwamba angalau sikuichoma. Sifa ya kijinga kabisa.

Nilipanda ndege ya Ijumaa. Duka la Mama Astrida sasa linauza pikipiki. Yeye mwenyewe alikwisha kufa, na vitu vyake, nimeambiwa, viligawanywa na watoto wa dada zake kwa siku moja. Nyumba ya Lukuga nilipita mbele yake. Imepakwa rangi ya waridi, na geti jipya, na nguo za watoto kwenye kamba. Huko Katanika nilikuta vyumba viwili vya udongo na watu wengi nje, chini ya turubai. Walinisimulia, bila kujua wanamsimulia nani, kwamba asubuhi ya msiba wanaume walikuja kutoa vyombo vya sebuleni kama ilivyo desturi, wakachungulia ndani, wakaangaliana. Hapakuwa na kitu. Tangu Lukuga, Mama Leontina hakutaka kiti wala meza ndani ya nyumba yake, na Rosa alipomnunulia kiti kimoja alikitoa sadaka kanisani. Mwishowe walitoa bidoni mbili za maji na ndoo, kwa sababu lazima kitu kitoke. Mimi, kwa kuwa ni mgeni wa Lubumbashi, nililetewa kiti cha kukodi. Kilikuwa cha plastiki, kimepasuka ukingo, na mgongoni herufi A iliyobaki nusu. Wengine wote walikaa chini.

Rosa alinipeleka nyuma ya jiko. Amekuwa mama mtu mzima, anauza ndakala, ana mikono ya mama yake. Nikampa bahasha, nikaanza kusema mengi kwa haraka, wakili, mahakama, kwamba nitagharamia kila kitu. Aliisogeza puani bila kuifungua. "Bado inanuka," alisema. Nikamuuliza kama mama yake alijua. "Tangu siku ile." Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya wazee. Rosa alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa kinywa gani, Yaya? Weye njo ulikuwa kinywa yake." Kumbe kwenye simu alijua yote, na yeye pia anajua kudanganya kwa upole. Nikamsihi aipokee, nikamwambia nyumba bado ni yao kwa haki. "Mule kuna watu. Watoto wamezaliwa mule. Nikamutoshe nani inje, miye?" Akafungua mkoba wangu, akairudisha bahasha mahali pake, akafunga zipu mpaka mwisho. "Mama alisema akija nayo, nisiipokee. Alisema nikuambie uendelee kuchunga."

Halafu akanirudisha kwenye kiti mbele ya watu wote, akaniletea sahani ya bukari na ndakala, akasukuma samaki kwa kidole upande wangu. "Kula, Yaya," alisema kwa sauti, ili wasikie. "Ndege haitakuuliza kama umeshiba." Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, mpaka nikamaliza.